Mbwa jike wa kazi akiingia kwenye joto (siku za kutaka dume), zamu zake mnazipangaje? (Uzi mrefu, karibuni tuchangie)

#1 Mtunza_Banda (Arusha)

Wakuu, salaam.

Nimekaa na mbwa wa ulinzi miaka 11 sasa. Banda ninalolisimamia lina mbwa 14, na watano kati yao ni majike: German Shepherd watatu na Malinois (mbwa wachungaji wa Ubelgiji) wawili. Wiki iliyopita niliitwa ofisini nikaambiwa majike wote watauzwa, na kuanzia sasa yatanunuliwa madume tu. Nimeomba nipewe siku 30 nionyeshe kwamba kazi yao inapangika. Nimepewa. Kwa hiyo nauleta uzi huu kwa mambo mawili: niandike ninachokijua, na niwasikie wenzangu mnaoishi na majike wa kazi, iwe ni lindo, mifugo au porini.

Kwanza niseme kilichotokea. Tulikuwa na lindo kwenye maghala mawili yanayotazamana. Tausi, Malinois wa miaka minne, alikuwa ghala la kwanza. Radi, dume, alikuwa ghala la pili, kama mita 60 hivi. Saa saba usiku Radi akaanza kulialia, udenda ukamtoka, meno yakawa yanagongana kama mtu mwenye homa. Mwongozaji wake ni kijana mgeni kazini, akadhani mbwa ameugua. Akalegeza kamba amkague mdomo, Radi akachomoka. Kijana akamkimbiza, na ghala la pili likabaki bila mtu kwa dakika 20. Kulipokucha, nyaya za shaba zilikuwa zimepungua.

Lawama yote ikamwangukia Tausi. Ukweli ni kwamba siku ile Tausi alikuwa na siku 11 tangu joto lianze, na kwenye daftari la banda hapakuwa na neno hata moja. Mimi nilikuwa likizo. Aliyenishikia nafasi aliona damu sakafuni, akaiosha, akaendelea na kazi. Aliyepanga zamu hakuambiwa. Mwongozaji wa Radi hakuambiwa. Mbwa wote wawili walifanya kile ambacho mbwa yeyote mzima angefanya.

Sasa ninavyofanya mimi nikiwepo.

Kila jike ana ukurasa wake. Naandika siku ya tone la kwanza la damu, siku alipoanza kuweka mkia pembeni, siku madume walipoacha kumshughulikia, uzito wake, na alivyofanya kazi. Ukiandika hivyo kwa mizunguko mitatu unamjua jike wako. Watu wengi wanasema mbwa hupata joto kila miezi sita, lakini German Shepherd wangu wawili wanarudi kila miezi minne na nusu hadi mitano, tena bila kukosea sana. Tausi yeye ni miezi saba. Ukitumia kalenda moja kwa wote utashtukizwa kila mara.

Kuna majike wasafi mno, wanajiramba mpaka huoni tone. Kwa hao nina tabia moja: Jumatatu na Alhamisi, kabla ya chakula cha jioni, nampangusa kwa karatasi nyeupe ya chooni. Karatasi ikitoka na wekundu, hata kidogo, siku hiyo ndiyo siku ya kwanza. Pia naangalia uke umevimba au la, na kama anakojoa kidogo kidogo kila hatua tano. Jike akianza kukojoakojoa hivyo njiani, mara nyingi damu inafuata ndani ya siku chache.

Kuanzia hapo anahama. Banda la majike wenye joto liko upande wa pili wa uwanja, mbali na madume, na upepo wetu wa jioni ukivuma unapita kwa madume kwanza kabla ya kufika kwake. Sakafu ni zege kwa sababu dume atachimba. Juu kuna bati na wavu kwa sababu dume ataruka. Milango ni miwili, huwezi kufungua wa ndani kabla hujafunga wa nje. Na wavu uko mara mbili, ukiwa na nafasi ya mita moja katikati. Hili la wavu nililijifunza kwa uchungu miaka ya nyuma: mbwa wanaweza kupandana kupitia wavu mmoja. Niliona kwa macho yangu, na siku 63 baadaye tukapata watoto sita.

Kuhusu kazi yenyewe, simpumzishi tangu siku ya kwanza. Siku za mwanzo anatoa damu na madume wanamtaka, lakini yeye anawafukuza, na akili yake bado iko kazini. Nampeleka lindo la peke yake, lenye ukuta, ambalo halina dume mwingine na halipakani na mitaa yenye mbwa koko wengi. Kuanzia siku ya nane hivi namtoa kabisa kwenye zamu za usiku, hadi nihakikishe joto limeisha. Siku hizo anafanya mazoezi mafupi asubuhi, akiwa kwenye kamba muda wote. Hata awe mtiifu namna gani, simwachii kamba. Jike aliyekuwa akija kwa mluzi mmoja tu anaweza kukusikia, akakutazama, kisha akaelekea upande mwingine.

Kwenye uwanja wa mazoezi yeye ni wa mwisho. Madume wanamaliza, wanarudishwa, ndipo yeye anatoka. Gari halimbebi pamoja na dume, hata kama vizimba vimetengana, na kizimba chake kinaoshwa kabla dume hajapanda.

Na kitu ambacho wengi hawakifikirii ni nguo za mwongozaji. Ukimshika jike mwenye joto kisha ukaenda kumlisha dume ukiwa na ovaroli ileile, umempelekea habari zote. Hata kamba, brashi na mpira wa kuchezea.

Dawa za kuficha harufu sizitumii. Nimeona watu wakipaka jike dawa ya kuchua yenye menthol kwenye mkia na mapaja. Inamwasha, anajiramba, anaimeza, na dume bado anajua. Nepi nazo zinasaidia sakafu isichafuke tu. Dume hazimzuii.

Nimesema mengi. Nawasikiliza.

---

#2 Kamanda_wa_Zamu

Mkuu, nimekusoma vizuri na naheshimu uzoefu wako. Lakini mimi ndiye ninayepanga malindo kazini kwetu, na kwenye hili niko upande wa uongozi wako. Nikiwa na mbwa kumi na kila wakati wawili wako nje kwa sababu ya joto, nalipia chakula cha mbwa wasiofanya kazi. Mteja hataki kusikia habari za joto, anataka mbwa langoni. Kwetu tuliondoa majike na kazi imetulia. Kwa nini ujipe mzigo huo?

---

#3 Mtunza_Banda (Arusha)

Kaka, hoja yako ina uzito na ndiyo hiyohiyo niliyoambiwa ofisini. Ngoja nikujibu.

Ukiondoa majike kwenye banda lako, bado hujawaondoa mitaani. Toka nje ya geti lolote hapa mjini saa nne usiku uhesabu mbwa koko. Nusu ni majike, na hakuna anayejua nani ana joto lini. Radi yule yule aliwahi kukataa kazi siku tatu mfululizo kwa ajili ya jike wa jirani aliyekuwa anafuga kuku. Banda la madume watupu lina tatizo hilohilo, ila sasa huna daftari la kukuonya.

Kuhusu hesabu ya chakula: jike wangu anakosa zamu za usiku kama siku 14 hadi 18 kwa kila mzunguko. Kwa jike wa miezi saba hizo hazifiki hata siku 35 kwa mwaka. Dume aliyeumizwa kwenye ugomvi wa madume hukaa nje muda mrefu zaidi, na ugomvi hauna kalenda. Halafu majike wangu ni wepesi, wanatulia mapema, na hawasimami kwenye kila nguzo kuinua mguu. Kwenye kutafuta mtu ndani ya ghala lenye giza, mbwa wangu bora miaka yote 11 amekuwa jike.

---

#4 Mganga_wa_Mifugo (Dodoma)

Wakuu, nimefurahi kuona mada hii inaongelewa kwa uzito. Nitaongeza upande wa kitabibu, maana kuna mambo yanayoua mbwa wa kazi na watu hawayajui.

Joto la mbwa lina vipindi. Kipindi cha kwanza, cha damu na uvimbe, huchukua wastani wa siku tisa, lakini kinaweza kuwa siku tatu tu au kufika 17. Kinachofuata, cha kukubali dume, nacho wastani ni siku tisa, na kinaweza kufika 21. Hapo damu hupungua na kuwa kama maji ya majani makavu yaliyolowekwa, na hapo ndipo wengi wanakosea. Wanaona damu imekwisha, wanasema joto limekwisha, wanamrudisha na wenzake. Kumbe ndiyo siku zenyewe. Hesabu ya "siku ya 10 hadi ya 14" si ya kuaminika kwa kila jike. Mwangalie mwenyewe: mguse juu ya nyonga karibu na mkia. Akisimama imara na kuupeleka mkia pembeni, yuko tayari. Kama unataka uhakika zaidi, kliniki inaweza kuangalia chembe za uke kwa hadubini au kupima homoni ya projesteroni kwenye damu.

Mbegu za dume huishi ndani ya jike hadi wiki nzima, na mayai yakishatoka huhitaji siku mbili au tatu kukomaa. Kwa hiyo hata kupandwa "mapema" au "kwa kuchelewa" kunaweza kuleta mimba. Na mimba moja inaweza kuwa na baba wawili.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini: usimchome jike wako sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu ili kuzuia joto. Naletewa mbwa hawa. Mtu alishauriwa na jirani, sindano ni rahisi kupatikana, joto halikuja, akafurahi. Baada ya muda mbwa anakuja amejaa usaha kwenye kizazi, au ana uvimbe wa matiti. Dawa zile huongeza hatari ya vyote viwili.

Usaha kwenye kizazi unaweza kuja hata bila sindano, kwa kawaida wiki nne hadi nane baada ya joto, na hasa kwa majike waliokomaa kiumri. Mbwa anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana, hataki chakula, anatapika, anazubaa. Wengine wanatoa usaha nje, wengine mlango wa kizazi umefunga na huoni kitu. Hao wa pili ndio wanaokufa haraka zaidi. Ukiona dalili hizo usisubiri kesho, anahitaji upasuaji.

Halafu kuna mimba ya uongo. Wiki ya sita hadi ya tisa baada ya joto, jike ambaye hakupandwa anatoa maziwa, anachimba kitanda, anabeba kiatu kama mtoto na kukilinda. Mbwa wa ulinzi akiwa hivyo anaweza kumng'ata mwongozaji anayekuja kuchukua kile kiatu. Usimkamue, maana ukimkamua maziwa yanaongezeka. Mpunguzie chakula kidogo, muongezee mwendo, ondoa vitu anavyovilea wakati yuko matembezini. Mara nyingi huisha yenyewe baada ya wiki chache.

Kuhusu kutoa kizazi: kwa jike wa kazi ambaye hutamzalisha ni njia nzuri, lakini usikimbilie akiwa mtoto. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotolewa mwaka 2016, ulifuatilia German Shepherd na kuona kwamba waliohasiwa au kutolewa kizazi kabla ya mwaka mmoja walipata magonjwa ya viungo mara nyingi zaidi kuliko ambao hawakuguswa, na baadhi ya majike wao walianza kuvujisha mkojo. Mimi kwa mbwa wakubwa nashauri akomae kwanza, na tufanye upasuaji miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha. Akiwa kwenye joto mishipa imejaa damu na kazi inakuwa ngumu bila sababu.

---

#5 Mfugaji_Kongwa

Daktari na mleta uzi, asanteni. Mimi sina mbwa wa kununua, nina mbwa wetu wa kienyeji watatu wanaotoka na mbuzi: madume wawili na jike mmoja. Fisi na mbweha huku ni wa kila siku.

Jike akipata joto mambo yanaharibika. Nikimwacha nyumbani, madume wangu wawili wanawaacha mbuzi saa tatu asubuhi wanarudi kwake. Nikimchukua machungani, madume wa kijiji kizima wanakuja nyuma, wanapigana katikati ya mbuzi, mbuzi wanatawanyika. Mwaka juzi nilipoteza mbuzi wanne siku moja kwa namna hiyo. Mwaka jana nilimpeleka kwa dada yangu kijiji cha pili kwa pikipiki, kule nako akazua balaa hilohilo, na dada akanirudishia akiwa na mimba.

Sitaki nimuue kama wengine wanavyofanya hapa. Huyu jike ndiye anayeniamsha usiku fisi akiwa bado mbali. Nifanyeje?

---

#6 Mganga_wa_Mifugo (Dodoma)

Ndugu wa Kongwa, pole kwa mbuzi. Kwa hali yako ningeanza na madume wako wawili, nisingeanza na jike. Wahasi. Upasuaji wa dume ni mdogo na nafuu kuliko wa jike, na dume aliyehasiwa mara nyingi hupungukiwa na hamu ya kukimbilia majike, si mara moja, baada ya wiki kadhaa. Watu wanaogopa kwamba ataacha ukali. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo tangu 1994, aina ya Anatolia, na mbwa waliohasiwa wanakaa na mifugo na kuilinda vizuri tu. Mbwa wa mifugo analinda kwa sababu amekua nao.

Jike naye akishafika miezi miwili baada ya joto, mlete tumtoe kizazi. Uliza pia ofisi ya mifugo ya wilaya, wakati mwingine kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa huja pamoja na huduma hizo.

Na kichaa nakitaja kwa makusudi. Madume kumi wasiojulikana wakipigania jike mmoja langoni kwako, kila mmoja anamng'ata mwenzake, na mmoja akiwa na kichaa umepata wagonjwa kumi. Jike na madume wako wawe na chanjo hai kabla ya joto. Mtu akikwaruzwa au kung'atwa akiwaachanisha, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

---

#7 Mwana_wa_Tanga

Assalaam aleikum wote. Mimi ni Muislamu, nafanya kazi ya kuongoza mbwa wa ulinzi, na kwa muda mrefu nilikuwa naona haya kusema hivyo mtaani kwetu. Nachangia kwa sababu ya lile neno la mleta uzi kuhusu nguo.

Sisi wa madhehebu ya Shafii mate na jasho la mbwa ni najisi, kinachoguswa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilijiwekea utaratibu wangu: ovaroli na buti za mbwa zinabaki kazini kwenye kabati lake, naoga, navaa kanzu yangu, natoka. Ndoo ya kuoshea na udongo safi viko nyuma ya banda. Nilifanya hivyo kwa ajili ya swala.

Mwaka jana jike wa mwenzangu alikuwa kwenye joto na madume wa waongozaji wengine walihangaika wiki nzima, hawali, wanalia usiku. Dume wangu alikula na kulala. Bwana mkubwa akauliza nina dawa gani. Sikuwa na dawa, nilikuwa na nguo mbili. Tangu hapo banda zima lina ovaroli za rangi mbili, za kijani kwa majike wenye joto, za bluu kwa wengine, na hazioshwi kwenye beseni moja.

---

#8 Nyayo_za_Savana (Kenya)

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko upande wa Mara, naongoza mbwa wa kufuata nyayo za majangili. Kazi hii huku si ngeni, Mara Triangle ilianza kutumia mbwa wa kunusa mwaka 2009, na kwenu Usa River shirika la uhifadhi la AWF (African Wildlife Foundation) limekuwa likifunza mbwa na waongozaji. Kwa hivyo maswali haya tunayo kila msimu.

Mbwa wa nyayo ana shida yake ya pekee. Hafanyi kazi ndani ya ukuta. Jike akiwa na joto, kila alipokojoa ameacha barua. Kuna siku tulifuata nyayo kutoka mpaka wa hifadhi kuelekea vijijini, kama kilomita saba, na tulipoangalia nyuma tulikuwa na mbwa watano wa manyatta (maboma ya Wamaasai) wanatufuata. Mbwa wakibweka, jangili amejua uko wapi. Tukasimama, operesheni ikaisha hapo. Sikumlaumu jike. Mimi ndiye nilijua yuko siku ya sita na nikasema ataweza.

Sasa jike mwenye joto hatoki nje ya mpaka. Ndani ya hifadhi, mahali hakuna mbwa wa vijiji, anaweza kufanya mazoezi ya nyayo fupi alfajiri. Pua haiharibiki. Nimeona wengine wanapungukiwa umakini siku za kilele, wanageuka geuka, wanasimama kunusa mkojo wa wanyama wengine. Na nimeona jike mmoja ambaye alifanya kazi vizuri kuliko kawaida yake. Kwa hivyo simwekei kila mmoja sheria moja, naandika.

Jambo lingine, zoeza dume. Sisi dume mchanga anafanyishwa utiifu akiwa mbali na banda la jike mwenye joto, mita mia mbili, halafu mia moja na hamsini, kwa wiki kadhaa, kwa zawadi nono. Hatafika mahali pa kupuuza kabisa, lakini atakusikia ukimwita. Huyo Radi angezoezwa hivyo, pengine kijana angepata sekunde chache za kumshika.

---

#9 Pori_la_Mambasa (Ituri)

Salamu kutoka Kongo. Kwetu mbwa wa uwindaji hawabweki, tunawafunga njuga ya mti shingoni ili tusikie wako wapi msituni. Wazungu walichukua mbwa wa namna hii wakawaita Basenji. Nataka kuongeza kwamba hawa hupata joto mara moja tu kwa mwaka, si mara mbili.

Kwa mwindaji ni faida, lakini kuna ubaya wake. Kwetu majike wa kijiji huingia kwa kipindi kimoja, karibu wote. Wiki hizo hakuna mtu anayeenda kuwinda na mbwa, maana hakuna mbwa anayesikia. Wazee wanatumia muda huo kutengeneza nyavu. Jike mzuri anafungiwa ndani ya nyumba ya jikoni, na mama mwenye nyumba ndiye analinda mlango.

---

#10 Mtunza_Banda (Arusha)

Asante sana ndugu wa Ituri, hili la kuingia pamoja nimeliona hata bandani kwangu. Jike mmoja akianza, mara nyingi wa pili hafiki wiki mbili. Ndiyo maana nikiona damu ya mmoja nampangusa kila mmoja kila siku.

---

#11 Kijana_wa_Mbezi

Samahani wakuu, naomba msaada wa haraka. Nina jike mmoja analinda nyumbani, jana usiku dume wa mtaani ameingia. Nimewakuta wamegandana, nikawamwagia maji na kuwavuta, hawakuachana mpaka baada ya robo saa. Leo kuna mtu ameniambia nimsafishe ndani kwa soda. Ni kweli?

---

#12 Mganga_wa_Mifugo (Dodoma)

Kijana wangu, usimsafishe kwa soda, sabuni wala chochote. Mbegu zilishapita jana na utamuunguza bure. Na siku nyingine wakigandana usiwavute, dume na jike wote wanaweza kuchanika. Inachukua dakika tano hadi nusu saa, wanaachana wenyewe. Kaa karibu uwatulize tu.

Leo mpeleke kwa daktari wa mifugo umweleze siku na saa. Kuna dawa za kukatisha mimba ya mbwa lakini zinahitaji usimamizi, na za aina ya estrojeni zinaweza kuharibu uboho na kizazi. Kama hutaki azae kamwe, kumtoa kizazi kutamaliza na hili. Mimba inaonekana kwa utrasaundi kuanzia siku ya 25 hivi. Endelea kumfungia, bado anaweza kupandwa na mwingine.

Baada ya miezi michache mwangalie sehemu za siri. Mbwa wa mitaani hubeba uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, unafanana na koliflawa na unadondosha damu. Watu wanadhani ni joto lisiloisha. Unatibika vizuri kwa sindano za vinkristini kila wiki, ukiwahiwa.

---

#13 Kijana_wa_Mbezi

Asante sana daktari. Natoka naye sasa hivi.

---

#14 Mtunza_Banda (Arusha)

Wakuu, siku 30 zimeisha, nimeona niwape mrejesho.

Tausi nilimrudisha lindo siku ya 25. Kabla ya hapo nilimpitisha Radi kwenye uwanja alipokuwa amekojoa, asubuhi tatu mfululizo, na mara zote tatu alinusa akapita. Nyota, German Shepherd wangu, naye alianza siku ya tisa ya muda niliopewa. Siku za mwanzo alilinda karakana yenye ukuta, peke yake. Tangu siku yake ya nane hajatoka usiku, leo ni siku yake ya 22 na bado akiguswa anaweka mkia pembeni, kwa hiyo anaendelea kubaki banda la pembeni. Katika mwezi mzima hakuna dume aliyekataa kazi. Ovaroli za rangi mbili za ndugu yetu wa Tanga tulinunua wiki ya kwanza. Mazoezi ya umbali ya ndugu wa Mara tumeanza na Radi kwa mita 200, sasa yuko 120.

Ubao mkubwa umewekwa mlangoni pa chumba cha zamu, una jina la kila jike na tarehe. Anayepanga malindo anausoma kabla ya kushika kalamu. Yule kijana wa Radi ndiye aliyepewa kazi ya kuuandika, na anaifanya vizuri sana.

Ofisi imesema majike hawauzwi. Wawili ambao hatutawazalisha watatolewa kizazi, Tausi akiwa wa kwanza, miezi miwili ikitimia.

Kwa sasa Tausi yuko wiki ya nne tangu joto liishe. Bakuli lake la maji ni la lita mbili na napima linalobaki kila asubuhi. Jana alikunywa kama kawaida yake. Leo amekuta glavu ya mtu akaipeleka kitandani, nimeiondoa alipokuwa matembezini. Jike mwingine, Zuhura, kwa ukurasa wake, anatarajiwa kuanza kati ya tarehe 3 na 12 mwezi ujao. Zamu zake za usiku nimeshampa mbwa mwingine, Simba.